Dal ya Nyumbani Dubai: Kununua, Kuchemsha na Kuunga

Jebel Ali, upande wa Dubai unaoelekea Abu Dhabi, lipo hekalu la Masingasinga liitwalo Guru Nanak Darbar, lililofunguliwa Januari 2012. Jiko lake hulisha yeyote anayeingia, na hakuna anayemuuliza dini, taifa wala kazi. Mgeni huvua viatu, hufunika kichwa, huketi chini pamoja na wengine na kupewa sahani. Hupata chapati, wali, mboga, na pengine kitu kitamu cha maziwa. Kisichokosekana ni dal, yaani mikunde iliyochemshwa mpaka ikavurugika, kisha ikatiwa viungo. Mwaka 2017 hekalu hilo liliweka rekodi ya Guinness kwa kuwaketisha watu wa mataifa 101 kwenye kifungua kinywa kimoja.

Mkenya aliyezoea barabara ya Nairobi kwenda Mombasa hashangai. Pale Makindu hekalu la Masingasinga limewalisha wasafiri kwa utaratibu huohuo kwa miongo mingi. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901, ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi. Wengi walirudi kwao baada ya mkataba. Maelfu kadhaa walibaki, na vyungu vyao vikabaki nao.

Pwani ya Ghuba nayo ina historia inayofanana na hiyo. Rupia ilitumika Dubai mpaka 1966, na Zanzibar mpaka shilingi ya Afrika Mashariki ilipochukua nafasi yake mwaka 1936. Majahazi yaliyopeleka boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji kwa ajili ya mapaa ya nyumba za Ghuba yalikuwa sehemu ya biashara ileile iliyosafirisha mchele, nguo na viungo vya India. Kwa hiyo Mswahili anayeshuka uwanja wa ndege wa Dubai leo hakutani na chakula kigeni. Anakutana na jamaa wa choroko na mbaazi za kwao, aliyepikwa kwa mpangilio mwingine.

Kijitabu hiki kinahusu mpangilio huo. Kimekusudiwa mlinzi anayetoka zamu akiwa na njaa, mfanya usafi anayeishi chumba cha watu sita, dereva, mhudumu wa hoteli, mwanafunzi, na msaidizi wa nyumbani aliyeombwa apike dal na hajui aanzie wapi. Chakula chenyewe ni cha bei ndogo, hakihitaji nyama wala friji kubwa, na kinaiva kwenye jiko la moto mmoja kabla mwenye zamu ya pili ya jiko hajaanza kugonga mlango.

Mifuko kwenye rafu

Duka la Kihindi la Karama, Meena Bazaar au Deira lina mifuko ya mikunde inayoweza kumvuruga mtu. Majina yameandikwa kwa lugha za Kihindi, na rangi zinakaribiana. Ukweli ni kwamba mpishi wa kawaida anahitaji kuitambua minne tu.

Masoor dal ni adesi zilizomenywa na kupasuliwa, zenye rangi ya chungwa. Ndizo zilezile zinazotoa supu ya adesi inayofuturishwa katika nyumba na misikiti mingi ya Dubai wakati wa Ramadhani. Zinaiva upesi kuliko nyingine zote, na anayeanza aanze nazo. Rangi yake hupotea jikoni na kuwa njano. Hilo ni la kawaida, adesi hazijaharibika.

Moong dal ni choroko zilizomenywa. Ukiziona zikiwa na ganda la kijani, ni zile ambazo Nairobi huliwa na chapati kwa jina la ndengu. Chana dal ni dengu zilizopasuliwa, ngumu na tamu, zinazotaka kulowekwa saa mbili au zaidi. Toor dal, ambayo mifuko mingine huiandika tur au arhar, ni mbaazi.

Mbaazi hizo zina hadithi ambayo mkulima wa Lindi, Mtwara au Babati anaijua vizuri kuliko mwenye duka wa Karama. India hula mbaazi nyingi kuliko nchi yoyote, na mavuno yake yakipungua huagiza kutoka Tanzania, Msumbiji, Malawi na Myanmar. Mwezi Agosti 2017, baada ya mavuno mazuri nyumbani, serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia. Bei ikaanguka Tanzania, na wakulima waliokuwa wamepanua mashamba wakabaki na magunia. Mlango ulifunguliwa tena mwezi Mei 2021. Anayenunua toor dal Dubai asome nyuma ya mfuko palipoandikwa nchi ya asili. Si ajabu mbaazi hizo zikawa zimelimwa na watu wa kwao.

Toor dal nyingine huuzwa zikiwa zimepakwa mafuta ili zisishambuliwe na wadudu. Zinang'aa na kunata kidogo mkononi. Hizo zioshwe kwa maji ya uvuguvugu, mara kadhaa, mpaka ule utelezi uishe.

Viungo vinunuliwe vizima na kwa kiasi kidogo. Soko la Viungo la Deira, hatua chache kutoka kituo cha metro cha Al Ras, linapendeza macho, lakini bei ya kwanza anayotajiwa mtu mwenye sura ya mtalii haifanani na ya dukani Karama. Kwa dal kinatakiwa kidogo sana: jira, ambayo wengine huiita binzari nyembamba, mbegu za haradali, pilipili kavu, na manjano. Majani ya mchuzi yakipatikana mabichi, ni vizuri. Mengi hufika kutoka kusini mwa India na huuzwa kwa fungu kwenye sehemu ya mboga.

Manjano yanahitaji uangalifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu Bangladesh ulionyesha kwamba baadhi ya wasindikaji walikuwa wakiyapaka kemikali yenye madini ya risasi ili rangi iwake, na risasi hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Manjano ya unga yanunuliwe yakiwa yamefungwa, yenye jina la mtengenezaji na tarehe, wala rangi kali isichukuliwe kuwa dalili ya ubora. Mtu akishuku chakula alichouziwa, Manispaa ya Dubai hupokea malalamiko kwa namba 800900.

Na ule unga wa mchuzi wa pakiti? Hauna sumu, lakini ndio unaofanya dal ya vyumba vingi vya Dubai iwe na ladha moja siku zote. Mwenye jira na pilipili kavu hauhitaji.

Sufuria ya kwanza

Kwa watu wanne, kikombe kimoja cha masoor dal, karibu gramu 200, kinatosha pamoja na wali au chapati. Adesi zimwagwe kwenye sinia na kupembuliwa, kwa sababu vijiwe bado hupita viwandani. Kisha zioshwe mpaka maji yaache kuwa na ukungu. Masoor hazihitaji kulowekwa. Toor zikilowekwa nusu saa huiva kwa muda mfupi zaidi.

Adesi zibandikwe na lita moja ya maji, nusu kijiko cha chai cha manjano na matone machache ya mafuta. Mafuta hayo huzuia povu lisipande na kumwagika kwenye jiko, jambo ambalo ndilo chanzo cha ugomvi mwingi katika majiko ya kushirikiana. Povu linalobaki lienguliwe kwa kijiko. Yakichemka, moto upunguzwe, na kifuniko kiachwe wazi upande mmoja.

Baada ya dakika 20 hadi 25 adesi huwa zimepasuka. Hapo zipigwe kwa mwiko au mchapo mpaka mchuzi ushikane. Ukiwa mzito mno uongezwe maji ya moto. Chumvi, kijiko kimoja cha chai kisichojaa, huingia sasa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, na hizo tano hazijazi kijiko cha chai, nazo ni za mtu mmoja na za siku nzima. Achar ya ndimu au ya embe, ambayo wengi hupenda kuiweka pembeni ya dal, ina chumvi nyingi, kwa hiyo anayeipenda apunguze ya sufuriani.

Wapishi wengi huamini kwamba chumvi ikiingia mapema mikunde haiivi. Kinachochelewesha kweli ni uchachu. Nyanya, ukwaju au ndimu zikitangulia, mbegu hukaza, na dengu zinaweza kuchemka saa nzima zikabaki na kiini kigumu. Vyote vyenye uchachu visubiri mpaka mikunde ilainike. Mikunde ya zamani, iliyokaa dukani au kabatini mwaka na zaidi, nayo huchelewa, na hapo mpishi hana la kufanya ila kuongeza maji na muda.

Jambo jingine ni magadi. Bara na pwani, watu huyatia kwenye maharage na mbaazi ili ziive upesi. Kwenye dal hayana kazi: masoor zinaiva zenyewe, magadi yanaleta ladha ya sabuni, na yanaharibu vitamini B1 iliyomo. Yaachwe.

Mafuta ya mwisho

Hapa ndipo dal inapoachana na maharage ya nyumbani. Mpishi wa Tanga au wa Kisumu anayeunga maharage hukaanga kitunguu na nyanya kwanza, kisha humwagia maharage yaliyochemshwa juu yake na kuyaacha yachemke pamoja. Viungo huiva polepole ndani ya maji, na harufu nyingi hutoka na mvuke. Kwenye dal mambo hupinduliwa. Mikunde iko tayari, chumvi imo, sahani zimetandikwa. Ndipo kikaango kidogo kinapowekwa motoni, viungo vinakaangwa kwa sekunde chache, na mafuta yake yanamwagwa juu ya dal. Wahindi huiita hatua hii tadka, na wengine tarka.

Harufu ya jira, ya haradali na ya majani ya mchuzi imo ndani ya mafuta ya asili ya kiungo chenyewe, ambayo huyeyuka kwenye mafuta ya kupikia na si kwenye maji. Mafuta ya moto huitoa harufu na kuishika. Inapomiminwa dakika ya mwisho, inafika mezani ikiwa nzima. Mtu akijifunza kitu kimoja tu katika kijitabu hiki, na kiwe hiki.

Kwa sufuria ya watu wanne vinatosha vijiko viwili vya chakula vya mafuta au samli. Yapate moto wa kati. Kujua kama yako tayari, punje moja ya jira itumbukizwe. Ikizungukwa na viputo mara moja, kazi ianze. Kama kuna haradali, itangulie, nusu kijiko cha chai, na kifuniko kiwe karibu kwa sababu inaruka. Ikishatulia, jira kijiko kimoja cha chai. Haikai zaidi ya nusu dakika. Ikibadilika kuwa kahawia, pilipili kavu mbili zifuate, na majani ya mchuzi yaliyokaushwa maji vizuri, maana tone la maji kwenye mafuta ya moto hurukia uso. Mwishoni punje nne za kitunguu saumu zilizokatwa vipande vyembamba. Vikianza kuwa rangi ya dhahabu, kikaango kitolewe motoni, kwa sababu joto lililobaki huendelea kuvipika. Anayependa rangi nyekundu atie robo kijiko cha chai cha pilipili ya unga wakati huu, moto ukiwa umezimwa, kwani unga huungua kabla ya vingine vyote. Kisha vyote vimwagwe juu ya dal na kufunikwa dakika mbili.

Mpangilio huo hauna siri. Mbegu nzima huvumilia moto zaidi, vyenye majimaji hufuata, unga huja mwisho. Jira ikigeuka nyeusi, mafuta yamwagwe na kuanza upya; hasara ni vijiko viwili vya mafuta, wakati jira iliyoungua inaharibu sufuria nzima.

Dal ya mikahawa, kama ile inayouzwa kwa Ravi, mkahawa wa Kipakistani wa Satwa uliopo tangu 1978 na ambao mwaka 2022 kampuni ya Adidas iliutolea viatu vyenye jina lake, huwa na mwili zaidi. Nyumbani huweza kusogelewa kwa kukaanga kitunguu maji kimoja ndani ya mafuta yaleyale baada ya jira, dakika nane hadi kumi mpaka kiwe kahawia, kisha tangawizi na nyanya mbili. Nyanya zipikwe mpaka mafuta yajitenge pembeni. Hii ndiyo sehemu ambayo watu hukosa subira, na nyanya mbichi ndani ya dal hujulikana kwa tonge la kwanza.

Giligilani mbichi, kotmiri kwa Wazanzibari na dania kwa Wakenya, hukatwa na kunyunyizwa mezani. Ndimu pia hukamuliwa mezani, na hiyo ina kazi zaidi ya ladha, kama itakavyoonekana.

Dal ina kwao nyingi. Wagujarati, ambao ndio wengi kati ya Wahindi wa Afrika Mashariki, hupika toor dal kwa ukwaju na sukari guru, na aliyewahi kula chakula chao maeneo ya Kisutu, Dar es Salaam, atautambua utamu ule wenye uchachu. Wapunjabi hupenda samli na kitunguu saumu. Sri Lanka hupika adesi nyekundu kwa tui la nazi, nazo hukaribiana kabisa na choroko za nazi za Unguja. Mzanzibari aliyeko Dubai aliyekosa nazi ya kukuna atumie tui la kopo au la unga, litiwe dakika tano kabla ya tadka, na lisiachwe lichemke kwa nguvu lisije likakatika.

Msaidizi wa nyumbani katika familia ya Kihindi anapaswa kuuliza mambo mawili kabla ya kugusa sufuria. La kwanza, je, nyumba hii inakula kitunguu na kitunguu saumu? Familia za Kijaini hazili, na baadhi ya familia za Kihindu huviacha siku za ibada. Mahali pake huwekwa hing, ambayo watu wa pwani wanaijua kwa jina la mvuje, kile kitu chenye harufu kali ambacho bibi hukitumia kufukuzia mashetani. Jikoni, chembe yake ndani ya mafuta ya moto hugeuka na kunukia karibu kama kitunguu. La pili, je, kuna sufuria na mwiko wa mboga tu? Katika nyumba isiyokula nyama, kutumia chombo kilichopikiwa kuku ni kosa kubwa hata kama kimeoshwa.

Mwili unapata nini

Adesi kavu zina karibu robo ya uzito wake protini. Kikombe kile cha gramu 200 kikigawanywa kwa wanne, kila mmoja hupata gramu 12 hivi, sawa na mayai mawili. Wali au chapati hukamilisha, kwa sababu nafaka ina kile ambacho protini ya mikunde inapungukiwa, na mikunde nayo inaziba pengo la nafaka. Mazoea ya wali na maharage yalifika hapo zamani bila maabara.

Adesi zina madini ya chuma pia, ambayo wanawake wengi wa umri wa kuzaa wanayakosa. Chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida, na vitamini C hukisaidia. Ndiyo kazi ya ile ndimu. Chai ya rangi au ya maziwa inayonywewa pamoja na chakula hukizuia. Hili ni gumu kwa mji ambao karak, chai nzito ya maziwa, inauzwa kila kona, lakini kusubiri saa moja baada ya kula kunatosha.

Mwenye kisukari ananufaika kwa sababu sukari ya mikunde huingia kwenye damu polepole. Faida hiyo inamezwa na mlima wa wali mweupe, kwa hiyo kipimo cha wali ndicho cha kuangaliwa. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, kwa ajili ya potasiamu na protini. Mtoto wa miezi sita na zaidi anaweza kulishwa dal laini iliyotolewa kabla ya chumvi na pilipili. Anayejaa gesi aanze na moong au masoor, kiasi kidogo, na tumbo huzoea baada ya wiki chache.

Onyo moja linahusu ndugu wa dal wanaouzwa rafu hiyohiyo. Dal makhani, ile nyeusi ya siagi, huwa na maharage mekundu, na maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayoleta kutapika vibaya. Yalowekwe usiku, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu dakika kumi au zaidi kabla ya kupunguza moto. Jiko la umeme la kupikia polepole halifiki joto hilo.

Jiko la watu wengi

Sufuria ya presha inafaa kwa toor na chana, na isijazwe zaidi ya nusu, kwa sababu povu la mikunde huziba tundu la mvuke. Masoor zipikwe kwenye sufuria ya kawaida. Kifuniko cha presha kisifunguliwe kwa nguvu. Mvuke utoke wenyewe mpaka utulie.

Mafuta ya tadka yakiwaka, maji yasimwagwe. Moto wa jiko uzimwe, kikaango kifunikwe kwa kifuniko au sinia, na kisibebwe kwenda kokote. Namba ya zimamoto Dubai ni 997, gari la wagonjwa 998, polisi 999. Moshi wa pilipili kavu nao huwasha vifua vya chumba kizima, kwa hiyo dirisha au feni ya jiko itangulie kufunguliwa.

Joto la Dubai, linalopita nyuzi 40 wakati wa kiangazi, halina huruma kwa chakula kilichoachwa mezani. Dal iliyobaki igawanywe kwenye vyombo vidogo vyenye kina kifupi ili ipoe upesi, na iingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Ikae siku tatu, isizidi. Itaganda kuwa nzito. Iongezwe maji na ichemke kabisa, si kupata vuguvugu. Anayejua mapema kwamba atabakiza ahifadhi dal isiyoungwa, kisha afanye tadka mpya siku ya pili, na chakula kitakuwa kipya mdomoni.

Ya kubeba kazini itiwe kwenye chombo kinachofunga kwa skrubu, ikiwa ya moto kabisa ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana, au ya baridi kutoka kwenye friji. Isifunguliwe ndani ya metro: kula au kunywa humo ni faini ya dirham 100, zaidi ya thamani ya mifuko kadhaa ya adesi.

Dal nzito iliyobaki kidogo, isiyomtosha mtu, ikandwe na unga wa ngano wa atta, chumvi kiasi na kitunguu kilichokatwa vidogo, bila maji mengine. Donge likae dakika 20, lisukumwe, lichomwe kwenye kikaango kikavu na kupakwa mafuta pande zote mbili. Hutoka chapati laini za njano zinazoliwa siku hiyohiyo na mtindi au achar.